Mapigo Sabini na Mawili

Mgonjwa wa kitanda namba sita alikuwa amefungwa plasta ngumu mguu wa kulia, kuanzia vidoleni hadi pajani, na mguu wa kushoto ulikuwa unacheza. Sista alisimama kando yake, chati mkononi, akautazama ule mguu. Miaka ishirini na miwili ya uuguzi ilikuwa imemfundisha kwamba kiungo kikicheza chenyewe, kinaulizwa.

"Kulikoni?"

Mgonjwa, dada wa saluni aliyeteleza kwenye povu la sakafu yake mwenyewe, alichomoa kisikilizio kimoja sikioni akampa. "Hebu sikia, Sista. Bendi inaitwa Sponji. Wanaanza na roki, mara inageuka rumba, halafu wanamalizia kama watu wa kwaya. Sijui wana akili timamu! Na huyu binti anayeimba, jamani. Hajafika miaka ishirini, lakini akiimba utadhani ameshazika watu."

Sista akakitia sikioni. Gitaa lilikuwa linakwaruza, ngoma zinakimbia, na juu yake sauti nyembamba, angavu, inaimba: *Vuta, shusha, niko hapa.*

Maneno hayo aliyatunga yeye. Aliyatunga kwenye korido ya wodi hiyohiyo, kutokana na yale anayowaambia wagonjwa wanaopandwa na hofu: vuta pumzi, shusha, mimi niko hapa. Na aliyekuwa akiimba ni yeye, mwenye miaka arobaini na saba, mama wa watoto watatu, mwenye sauti ambayo akipiga simu ofisi za watu huitikiwa "Ndiyo, mzee."

"Mpe hongera zake huyo binti," akasema, akarudisha kisikilizio, akaandika joto la mwili.

Usimcheke. Alikuwa ameshausikia wimbo huo kwenye simu mara nyingi, na mara ya kwanza kabisa alishtuka. Lakini nani hashtuki akisikia sauti yake ikitoka kwenye mashine? Kila mtu husema, ah, kumbe naongea hivi? Sista naye alisema hivyohivyo, akajiambia kwamba labda ndivyo walimwengu walivyokuwa wakimsikia siku zote, yeye ndiye alikuwa hajijui. Na kwa kweli alifurahi. Mtu uliyeambiwa maisha yako yote kwamba una sauti ya debe, ukiletewa sauti ya kengele ukaambiwa ni yako, utaikataa?

Ila hilo neno "binti" lilimganda. Alishika zamu yake yote akiligeuza kichwani.

Bendi ya Sponji haikuwa na studio. Ilikuwa na stoo ya Fundi. Fundi alikuwa mtengeneza magodoro, na stoo yake ilijaa sponji hadi darini, za inchi nne, za inchi sita, na sauti ikiingia mle hairudi. Yeye ndiye alipiga gitaa, akiwa bado ana vumbi la sponji nyusini. Ngoma alipiga Mwalimu, aliyefundisha hesabu, na alipiga kwa uso uleule wa kusahihisha mitihani. Gitaa la besi lilikuwa la Shemeji. Huyu alikuwa mdogo wa mume wa Sista, na kwa kuwa Sista alimwita shemeji, Fundi naye akamwita shemeji, kisha Mwalimu, kisha jina likatoka nje ya stoo likaenda zake mjini. Hata mwenye nyumba wake alimwita Shemeji, na baina yao hakukuwa na undugu wowote wa ndoa.

Sista aliingia mle miaka miwili nyuma kununua godoro la kitindamimba wake wa kike, waliyemwita Kitinda, aliyekuwa anakwenda chuo. Aliwakuta watatu hao wanabishana jinsi ya kutoka kwenye roki kuingia kwenye rumba bila kujikwaa. Yeye, huku akiminya sponji kwa kidole kupima ugumu wake, akaguna kidogo kuwaonyesha njia. Mguno tu, wa chini kabisa. Fundi akasema, "Rudia hilo."

Hakuna aliyewahi kumwambia Sista arudie. Alipokuwa na miaka kumi na mitatu, mwalimu wa kwaya ya shule alimtoa mstarini kwa sababu sauti yake ilizama chini ya wasichana wote, ikawa inatafuta wavulana. "Wewe utashika vitabu vya nyimbo," akaambiwa. "Na siku ya wageni, simama na wenzako, fungua mdomo, usitoe kitu." Alishika vitabu miaka mitatu. Hajamsimulia mtu, hata mumewe.

Basi bendi hiyo ilikuwa na mila yake moja, ya ajabu kidogo. Walirekodi kila wimbo mara moja tu, kwenye mashine ya kaseti aliyoachiwa Fundi na marehemu baba yake, na hawakuwa wakiisikiliza kaseti waliyorekodi. Kaseti ikitoka mashineni inatiwa kwenye bahasha, bahasha inalambwa, inapelekwa kwa Kitinda chuoni. Kule kulikuwa na mashine nzuri ya kuihamishia kwenye kompyuta, na Kitinda ndiye aliyeurusha wimbo mtandaoni. Mila hiyo ilizaliwa baada ya wimbo wao wa kwanza. Waliusikiliza mara kumi na moja siku hiyo, kila mmoja akisikia makosa ya mwenzake, na kufikia jioni Mwalimu na Shemeji walikuwa hawasalimiani. Wakala kiapo, na kiapo kikaiponya bendi.

Na bendi ikaota mbawa. Wasikilizaji wa kwanza walikuwa kumi na wawili, wanne kati yao wakiwa wanabendi wenyewe. Wakaja wanafunzi wa chuo, wakaja mafundi viatu, wasusi, walinzi wa mageti. Kitinda alikuwa akimsomea mama yake maoni: mmoja alisema anaoshea vyombo kwa wimbo wa *Vuta, shusha*, mwingine alisema ameacha kugombana na mkewe ukipigwa. Wengi waliuliza jambo moja. Huyo binti ni nani?

Jioni ya zamu ile Sista alikaa jikoni kwake, akaweka simu mezani, akaupiga wimbo. Kifuani alikuwa bado na saa yake ya kazini, ile inayoning'inia kichwa chini. Hakujua kwa nini aliishika. Mkono ulikwenda wenyewe, kama unavyokwenda kwa mgonjwa, akahesabu mapigo ya ngoma kwa dakika nzima.

Themanini na matatu.

Alhamisi, mchana, stooni, walipiga wimbo uleule. Sista aliimba huku jicho liko kwenye saa, akahesabu. Sabini na mawili. Akaomba warudie, akahesabu tena. Sabini na mawili, hayapungui hayazidi, Mwalimu amekaa pale kama ukuta.

Kwa mgonjwa, tofauti ya mapigo kumi na moja ni sababu ya kumwita daktari. Sista aliwageukia. "Hivi nyie mnausikia wimbo wetu kwenye simu kuwa sawa?"

Mwalimu akakohoa. "Nilidhani ni mimi. Siku ile nilikunywa kahawa mbili. Niliona haya kusema."

"Mimi nilidhani simu hazipendi besi," akasema Shemeji. "Kila nikisikiliza naona gitaa langu limekonda."

Fundi alijikuna nyusi, vumbi likamwagika. Yeye gitaa hulilinganisha kwa sikio tu, hana kipimo, kwa hiyo alijua tangu mwanzo kwamba limepanda, akadhani ndiyo maendeleo.

Sista alitaka kucheka lakini udadisi ulimzidi. "Toa kaseti."

"Sista, tumekula kiapo."

"Toa kaseti, Fundi. Mgonjwa hatibiwi kwa kiapo."

Kaseti ilitolewa kwenye bahasha yake iliyorudishwa na Kitinda, ikatiwa kwenye mashine ya marehemu. Sista akaishika saa. Ngoma zikaanza, tulivu, sabini na mawili. Kisha ikaingia sauti.

Ilikuwa nene. Ilitoka chini, taratibu, kama mtu anayepanda ngazi na mzigo wake na hana haraka. Shemeji alisema, "Ee, huyo sasa ndiye wewe, shem." Na Sista aliona haya, moto ukampanda hadi masikioni, halafu akapata hasira kwa kuona haya. Miezi sita, tangu wimbo uende mtandaoni, alikuwa ametembea na kengele ya watu akidhani ni yake.

Mwalimu aliifungua mashine kwa bisibisi, akaonyesha kwa ncha ya kalamu. Kamkanda ka mpira kanakozungusha kaseti kalikuwa kamelegea kama soksi kuukuu. Wakirekodi, kaseti inajikokota. Wakiisikiliza humohumo, inajikokota vilevile, kwa hiyo inasikika sawa. Ikifika kwenye mashine nzima ya chuoni, inakimbia inavyopaswa, na kila kitu kinapanda: ngoma, gitaa, na Sista. Laiti wangeisikiliza kaseti hata mara moja wangejua siku ya kwanza.

Mwalimu alikuwa na furaha ya mtu aliyekokotoa jibu. Fundi hakuwa na furaha hata kidogo. Alikwenda kwenye droo, akatoa karatasi iliyokunjwa.

"Nilitaka iwe habari njema," akasema. "Mwenye ukumbi wa sinema ya zamani ametuita. Jumamosi ya wiki ijayo, saa kumi alasiri. Viti mia tatu. Matangazo keshayachapisha."

Kwenye karatasi iliandikwa kwa herufi nene: SPONJI, NA BINTI WA SAUTI YA KENGELE.

Walijaribu palepale. Fundi akakaza nyuzi, Mwalimu akapandisha mwendo hadi themanini na matatu, na Sista akaikimbilia ile sauti nyembamba juu huko iliko. Ubeti wa kwanza alijikaza kisabuni. Wa pili sauti ilimpasukia kooni, ikatoka mlio ambao hata sponji zilishindwa kuumeza. Hakuna aliyemtazama.

Ndipo Shemeji, ambaye hakuwa na nia mbaya, maana hajawahi kuwa na nia mbaya tangu azaliwe, akasema, "Kuna mpwa wangu, mtoto wa dada. Anaimba kwaya, sauti yake nyembamba hivihivi. Wiki moja inamtosha kujifunza."

Mwalimu alitazama vijiti vyake. Fundi alisema polepole, "Ni mara moja tu, Sista. Watu wanamtaka binti. Tukiwapa kitu kingine siku ya kwanza wanatuona, wataondoka, hawatarudi. Wewe utakuwepo, utaitikia nyuma."

"Nishike vitabu," akasema Sista.

"Vitabu gani?"

Wasingeweza kujua. Aliibandua saa kifuani, akaitia mfukoni, akatoka. Njiani mwanamke mzima mwenye cheo cha msimamizi wa wodi alilia mbele ya duka la vipuri, akajifuta kwa kofia ya kazi.

Angekuwa mtu mwingine angeishia hapo, akanuna. Lakini Sista alikuwa na ugonjwa wa kutaka kujua, na jambo lilikuwa halijapimwa. Fundi alisema wataondoka. Amejuaje? Kesho yake alipitia stooni asubuhi na mapema, akaazima mashine ya kaseti bila maelezo, akaibeba kwapani hadi wodini. Saa ya kutazama wagonjwa ilipokwisha, akaiweka kwenye kabati la kitanda namba sita.

"Nisikilizie hiki," akamwambia dada wa saluni. "Halafu uniambie ukweli. Usinipake mafuta."

Akabonyeza, akasimama kuutazama mguu wa kushoto. Ngoma zilianza, mguu ukatikisika mara mbili. Sauti ilipoingia, mguu ukasimama. Ubeti wa kwanza mguu umetulia, wa pili umetulia, tuli kama umelala ganzi, na Sista alikuwa anatafuta namna ya kuizima mashine bila kuonekana anakimbia. Akainua macho.

Dada wa saluni alikuwa ameziba mdomo kwa shuka. "Huyu ni nani? Ni mama yake yule binti?"

Sista alipasuka kicheko hadi kitanda namba tisa wakauliza kuna nini. "Ni yeye mwenyewe," akasema. "Ni mimi."

Ilichukua muda kuaminika. Alilazimika kuimba kidogo, chini kwa chini, akiwa ameshika mabomba ya kitanda. Mgonjwa alimsikiliza mpaka mwisho.

"Ukweli?" akasema. "Yule binti ananichezesha kuliko wewe. Siku ya harusi nitampiga yule. Lakini yule akisema yuko hapa, naona wimbo mzuri. Wewe ukisema uko hapa, nageuka kutazama mlango."

Sista alibeba mashine yake akarudi kazini. Siku hiyo alipima shinikizo la damu la wodi nzima bila kusikia uchovu.

Alhamisi iliyofuata alisimama katikati ya magodoro. "Jumamosi naimba mimi," akasema, "kwa sauti yangu, mapigo sabini na mawili. Wakiondoka, waondoke wakijua wamemwacha nani. Mkimtaka mpwa, mtungieni wake. Huu ni wangu."

Akawasimulia habari ya vitabu vya nyimbo. Alisimulia kwa kifupi, akitazama sakafu. Alipomaliza, Shemeji alikuwa amevua kofia. "Nisamehe, shem," akasema. "Sikujua nilichokuwa nasema."

"Hata hivyo," akasema Mwalimu, "mimi themanini na matatu siyawezi. Nimejaribu nyumbani, bega limenivimba." Fundi alicheka bila kupenda, akalegeza nyuzi zake.

Jumamosi ukumbi ulijaa hadi kwenye ngazi. Sista alichungulia kwenye pazia, akamwona dada wa saluni mstari wa mbele na magongo yake, akamwona Kitinda, akaona nyuso nyingine mia tatu asizozijua. "Binti! Binti!" walikuwa wakipiga kelele. Alipotokea, wakanyamaza, na wengi wakanyoosha shingo kutazama nyuma yake, wakingoja binti mwenyewe atoke.

"Hakuna mwingine," akasema kwenye kipaza sauti, na sauti yake ikatembea kwenye kuta. "Mashine yetu ya kurekodi ni kuukuu kuliko mimi, na ina mkanda uliolegea. Yule binti mnayempenda ni mkanda. Mimi ndiye niliyeimba."

Wengine walicheka. Kijana mmoja alisimama akatoka, wakamfuata wenzake wanne, na milango ya sinema ile ilikuwa na springi za kelele, kila atokaye akasikika. Fundi akaanza gitaa, kwa kuwa hakujua la kufanya.

Hapo ndipo mambo yalipoharibika. Watu waliujua wimbo kwa moyo, na waliujua kwa mbio za simu zao. Wakaimba kwa pamoja, juu, haraka, wakamwacha Sista nyuma na sauti yake chini kama mtu aliyekosa gari. Nyimbo mbili zikawa zinagongana ukumbini. Mwalimu alianza kuufukuzia mwendo wao, bega likiwa linamuuma, na Shemeji akapotea kabisa. Ilikuwa rahisi sana kwa Sista kunyamaza. Alishafundishwa jinsi ya kunyamaza.

Akainua mkono, akaisimamisha bendi. Uimbaji wa ukumbi ukakatika vipande vipande, ukakoma.

"Shikeni mkono wa kushoto," akasema, kwa sauti ya wodini, ile isiyobishiwa. "Hapa, chini ya kidole gumba. Vidole viwili. Wewe wa kofia nyekundu, nimesema viwili, si gumba. Tafuteni mapigo. Ukiyapata, nyamaza uyasikilize."

Wakatii. Ni jambo la kushangaza kuona karibu watu mia tatu wameinama kila mmoja akijitafuta mkononi. Walionong'ona waliacha kunong'ona. Mwenye ukumbi mwenyewe, kando ya mlango, alikuwa amejishika. Sista aliishika saa kifuani, akangoja hadi akasikia kimya anachokijua, kile cha wodi wote wakishatulia.

Akaanza peke yake. *Vuta.* Akangoja. *Shusha.* Mwalimu akaingia, polepole, sabini na mawili, kisha besi, kisha gitaa la Fundi likikwaruza kwa adabu. Watu wakaja nyuma yake kwa uangalifu, kama wanaoingia nyumba yenye mtoto aliyelala. Waliuacha mwendo wao wakaushika wake. Rumba ilipogeuka, mabega yalicheza, magongo ya dada wa saluni yaligonga sakafu, na hakuna mlango uliolia tena.

Ikabaki sauti ya mwisho. Wimbo unaishia kwenye neno *hapa*, na neno hilo liko chini kabisa, sakafuni, mahali ambapo msichana wa miaka kumi na mitatu aliwahi kusimama peke yake akatolewa mstarini. Sista aliishusha sauti. Wanaume walimkuta huko, kwa kuwa ni kwao. Halafu akasikia kitu kingine. Dada wa saluni alikuwa anashuka, kwa sauti ya kukwaruza, amefumba macho. Na Kitinda. Na mama mmoja mnene wa pembeni, na wasichana wa chuo watatu wakichekana, wakijaribu, wakishindwa, wakijaribu tena. Wanawake walikuwa wanazitafuta sauti zao nene ukumbi mzima, na wengi walikuwa wanazipata.

Sista alitaka kuishikilia sauti ile pamoja nao hadi mwisho. Alisimama mbele yao, akafungua mdomo, na hakutoa kitu. Alikuwa anawasikiliza.